UZI: Jessica Alba, mtoto wa filamu aliyeishia kuuza nepi na sabuni. Ngoja niwasimulie nikiwa dukani

MamaPampasi_Kondele (mwanzilishi wa uzi)

Wadau hamjambo. Kisumu imenyesha tangu saa tisa alasiri, njia ya kuingia mtaani imekuwa mto, wateja wamejifungia. Nina kama saa mbili za kupiga stori, na hii imenikaa kichwani tangu wiki jana.

Kwa wasionijua: nina kiduka Kondele, cha wavu, nahudumia dirishani. Unga, mafuta ya kupima, sabuni ya kipande, na hasa nepi. Mteja wangu hanunui pakiti. Anakuja jioni mtoto akiwa mgongoni, anasema "Mama, nipe pampasi mbili, namba tatu", ananyoosha noti ya hamsini, namrudishia kumi. Iwe ya kampuni gani, kwake ni pampasi tu. Mimi ndiye nafungua pakiti, nazihesabu, nazipanga kwenye boksi la biskuti vumbi la boda lisiziguse. Nikiuza thelathini kwa siku nalala vizuri.

Sasa binti mmoja anayesoma Maseno akaniuliza kama nina zile nepi zenye maua za "yule mwigizaji". Nikamwambia mwigizaji ninayemjua mimi ni yule anayekopa sukari mwisho wa mwezi akijifanya anaumwa. Alicheka, lakini akanitajia jina: Jessica Alba. Usiku nikasoma. Usiku wa pili nikasoma tena. Kumbe huyu mama tunafanya kazi moja, tofauti ni boksi la biskuti.

Nitaanza utotoni kwa sababu huko ndiko biashara yake ilikoanzia, hata kama yeye mwenyewe hakujua.

Alizaliwa Aprili 28, 1981, Pomona, California. Babake alikuwa Jeshi la Anga la Marekani, kwa hivyo walihamahama: Mississippi, kisha Texas, wakarudi California akiwa na miaka tisa. Na alikuwa mtoto wa hospitali. Pumu. Pafu lilisinyaa mara mbili. Nimonia mara nne, mara tano kwa mwaka. Kidole tumbo kikapasuka. Shuleni hakuwa na marafiki wa maana kwa sababu kila walipoanza kumzoea alikuwa amelazwa tena. Mwenye mtoto wa pumu hapa anajua maisha hayo: unanusa kila kitu kabla hajakinusa yeye.

Akiwa na miaka 11 alishinda shindano la uigizaji Beverly Hills, zawadi ikawa masomo ya bure. Filamu ya kwanza ilitoka 1994. Alikuwa ameajiriwa kwa wiki mbili tu, kasehemu kadogo, mwigizaji mwingine akajitoa, wakampandisha, wiki mbili zikawa miezi miwili. Sekondari alimaliza na miaka 16. Mwaka 2000 akapata tamthilia kubwa ya televisheni ambayo James Cameron, yule mwongozaji wa Titanic, alikuwa mmoja wa waanzilishi wake, na hapo ndipo dunia ikamjua.

Naendelea, kuna mtu anagonga wavu.

Kijana_wa_Oginga

Mama hii stori najua mwisho wake. Mtu ana uso mzuri, ana pesa za filamu, anabandika uso kwenye chupa, chupa zinaisha. Mimi nikibandika uso wangu kwenye nepi hata mtoto atakataa kuvaa. Umaarufu ndio mtaji, hayo mengine ni maneno.

MamaPampasi_Kondele

Ningekubali kama angebandika uso. Tatizo la stori yako ni kwamba alikataliwa.

Sikiliza. Mwaka 2008 ana mimba ya kwanza. Amepewa nguo za mtoto kwenye sherehe, mamake anamwambia azifue kwa sabuni fulani ya unga, ile inayosifiwa kwa nguo za watoto. Anafua, ngozi yake inamtoka vipele. Mtu mzima, sabuni ya mtoto. Akakumbuka hospitali zake zote za utotoni. Akaanza kusoma lebo, akagundua kwamba nchini kwao neno "manukato" kwenye chupa linaweza kuficha kemikali kibao ambazo kampuni haikulazimika kuzitaja.

Akamtafuta Christopher Gavigan, aliyekuwa akiongoza shirika la afya ya watoto na mazingira na ameandika kitabu kuhusu hayo mambo. Kisha akaenda kwa Brian Lee, mfanyabiashara wa intaneti aliyeshaanzisha kampuni mbili kubwa. Alibeba faili nene, kurasa na kurasa za hatari za kemikali. Brian Lee akamwambia asante, hapana. Fikiria: nyota wa filamu, anajulikana dunia nzima, anaambiwa hapana na mtu anayeuza viatu kwenye intaneti. Akarudi baada ya kama mwaka mmoja na nusu. Safari hii karatasi chache. Hakueleza tena ubaya wa dunia, alieleza bidhaa: nini, kwa nani, kwa bei gani. Na Brian Lee naye alikuwa amepata mtoto katikati hapo, mkewe ameanza kuuliza maswali yaleyale kuhusu sabuni.

Mwaka 2011 alienda mpaka Washington kuwashawishi wabunge wabadilishe sheria ya kemikali, iliyokuwa ya mwaka 1976. Januari 2012 kampuni ikafungua milango. Jina: The Honest Company, yaani kampuni ya ukweli. Bidhaa 17. Nepi na vitambaa vya kupangusia ndivyo vilivyobeba mzigo. Unajiandikisha, unalipa kwa mwezi, pakiti inakuja mlangoni.

Kijana, hiyo ya mlangoni ndiyo akili yenyewe. Mtoto hubadilishwa nepi kila siku, miaka miwili na zaidi. Ukishampata mama mmoja humtafuti tena. Mimi mteja wangu namtafuta upya kila jioni, na jirani yangu akishusha bei kwa shilingi mbili nimempoteza mpaka mtoto aanze kwenda choo.

Section58_Nakuru

Nasoma nikitikisa kichwa. Niwaulize kitu pembeni kidogo, msinifukuze kwenye uzi.

Mwaka juzi binti yangu, miaka saba wakati huo, alichukuliwa kwenye tangazo la maziwa. Watu walikuja shuleni, wakamwona ana mwanya, wakapenda. Siku mbili kwenye shamba upande wa Njoro, asubuhi na baridi, anakunywa maziwa anatabasamu, anakunywa tena, mpaka akatapika nyuma ya gari. Tulipewa elfu tatu na pakiti sita za maziwa. Nilitia sahihi karatasi bila kusoma, nilikuwa nimeshika koti lake na kikombe. Tangazo likaonyeshwa mwaka mzima. Shuleni wakamwita Maziwa. Mpaka leo.

Huyu Jessica pesa zake za utotoni nani alizishika? Wazazi?

MwalimuMstaafu_Mumias

Mama Maziwa, pole sana, na pole kwa mtoto.

Nitakujibu kwa kirefu kwa sababu mambo haya niliyafundisha kwenye klabu ya drama. California wana sheria inayoitwa kwa jina la Coogan. Jackie Coogan alikuwa mtoto wa filamu kimya, alicheza na Charlie Chaplin mwaka 1921, akawa maarufu kupita watu wazima. Alichuma mamilioni ya dola. Alipofika utu uzima akaenda kuchukua pesa zake akakuta mama na baba wa kambo wamezila: makoti ya manyoya, magari, vito. Akawashtaki mwaka 1938, akaambulia takriban dola 126,000. Kwa sheria ya wakati ule, chochote alichochuma mtoto kilikuwa mali ya mzazi. Ndipo mwaka 1939 wakatunga sheria ya kumlinda mtoto mwigizaji. Lakini ilikuwa na matundu kama wavu wa omena uliozeeka. Waliiziba kuanzia mwaka 2000: asilimia 15 ya malipo ya mtoto lazima iende kwenye akaunti yake, mzazi haigusi, na mapato ni ya mtoto mwenyewe.

Angalia miaka. Filamu ya kwanza ya Alba ilikuwa 1994, bado sheria ina matundu. Watoto wengi wa filamu waliishia mikono mitupu. Huyu hakuishia hivyo.

Kwetu tuna Sheria ya Watoto ya 2022, inamlinda mtoto asitumikishwe kwa faida ya wengine. Lakini akaunti ya asilimia fulani kwa mtoto wa tangazo hatuna. Kwa hivyo siku nyingine, mama, weka koti chini usome. Tafuta mambo mawili: picha zitatumika kwa muda gani, na wakizidisha huo muda wanalipa nini.

Section58_Nakuru

Asante Mwalimu. Karatasi bado ninayo, iko ndani ya Biblia. Nitaisoma leo.

FundiSabuni_Kakamega

Mulembe wadau. Nimeona sabuni nikaingia.

Mama Pampasi, umepita haraka kwenye jambo la lebo. Mimi natengeneza sabuni ya maji hapa Kakamega, nauzia hoteli, saluni na shule mbili. Hiyo kampuni ya ukweli ilinaswa kwenye sabuni. Au hukufika huko?

MamaPampasi_Kondele

Nilikuwa nakuja huko, Fundi. Mvua imepungua nikauza kidogo.

Ndiyo. Kwanza ilipanda kama moshi. Mwaka 2015 wawekezaji waliithamini dola bilioni 1.7. Alba akawa kwenye jalada la gazeti la Forbes, si kwa filamu, kwa biashara. Halafu mwaka huohuo, kiangazi, wazazi wakaanza kuweka picha kwenye mitandao: watoto wamepakwa mafuta ya kampuni hiyo ya kuzuia jua, wamerudi nyumbani wekundu kama nyanya. Ikaonekana kampuni ilibadilisha mchanganyiko, oksidi ya zinki, ile inayozuia jua, ikashuka kutoka asilimia 20 hadi 9.3. Kampuni ikasema mafuta yalipimwa na yakafaulu. Huenda. Lakini mama mwenye mtoto aliyebabuka hasomi ripoti ya maabara.

Halafu Machi 2016, gazeti la Wall Street Journal likapeleka sabuni yao ya kufulia maabara. Fundi, hapa nakuachia wewe. Mimi nilisoma mara tatu sikuelewa.

FundiSabuni_Kakamega

Sawa. Ngoja nieleze kama ninavyomweleza kijana wangu wa kazi.

Asubuhi nachukua ndoo, naweka angaroli. Ni nzito, nyeupe, inavutika kama asali iliyoganda. Naimiminia chumvi, nakoroga na mwiko upande mmoja tu, mpaka iwe nyeupe zaidi na nzito kama ugali mwepesi. Kisha maji kidogo kidogo. Ukimwaga maji kwa pupa inakuwa na madonge na siku imeisha. Halafu asidi ya salfoniki niliyokwisha kuipunguza ukali, rangi, manukato. Naiacha usiku kucha povu litulie. Asubuhi ni sabuni.

Hiyo angaroli ndiyo inayotoa povu. Binamu yake anaitwa sodiamu laurili salfeti. Ni kali zaidi kidogo kwa ngozi, ila inatoa povu balaa, na mteja wa huku anapima sabuni kwa povu. Isipotoa povu anasema umemwibia.

Kampuni ya Alba iliandika kwenye orodha ya vitu ambavyo HAWATUMII: sodiamu laurili salfeti. Walisema wao wanatumia sodiamu koko salfeti, ya mafuta ya nazi. Gazeti likapima likaikuta ile waliyoikana. Kampuni ikakataa, ikasema vipimo vya gazeti si sahihi.

Sasa sikilizeni vizuri. Mafuta ya nazi, karibu nusu yake ni asidi ya lauriki. Ukiyageuza yote kwa pamoja kuwa salfeti unapata koko salfeti, na ndani yake sehemu kubwa ni ileile laurili salfeti. Ni kama mtu aseme sukumawiki yake haina majani, ina mboga. Kama fundi nasema hawakuweka sumu. Sabuni yao ilikuwa sabuni ya kawaida na nzuri. Kosa lilikuwa kwenye karatasi iliyobandikwa juu ya chupa.

Kijana_wa_Oginga

Kwa hivyo jina la ukweli lilikuwa uongo. Mnaona sasa?

MamaPampasi_Kondele

Hapana, na hapa ndipo nilitaka mfike. Kama wangeiita Kampuni ya Jua Kali, hakuna gazeti lingepoteza pesa kupima sabuni yao. Kampuni kubwa ngapi zinatumia laurili salfeti na hakuna anayezigusa? Yeye aliuza neno. Bei yake ilikuwa juu ya wengine kwa sababu ya lile neno. Basi neno nalo likamdai.

Na lilidai kweli. Mwaka 2017 walikubali kulipa dola milioni 1.55 kumaliza kesi ya hiyo sabuni, na dola milioni 7.35 kumaliza nyingine kuhusu kuandika "asilia" kwenye bidhaa. Bila kukiri kosa, ndivyo mawakili wanavyofanya. Wakabadilisha mchanganyiko wa sabuni. Kabla ya hapo 2016 waliondoa sokoni poda ya watoto, na 2017 vitambaa vya kupangusia kwa hofu ya kuvu. Unilever, ambao ilisemekana walikuwa wakizungumza nao kuinunua kampuni, wakaenda kununua mshindani wao.

Mimi ningefunga duka. Nasema kweli. Niliwahi kuuza unga wenye wadudu bila kujua, pakiti nne tu, na wiki nzima nilikuwa napita njia ya nyuma kwenda kanisani.

Yeye hakufunga. Kitu kingine ambacho watu hawakisemi: hakuwahi kuwa Mkurugenzi Mkuu Mtendaji. Cheo chake kilikuwa mwanzilishi na mkuu wa ubunifu: bidhaa iweje, ionekaneje, iandikweje. Kwanza aliendesha Brian Lee. Mwaka 2017 wakamleta Nick Vlahos, aliyetoka Clorox, kampuni ya bidhaa za usafi, mtu wa viwanda na maghala. Watu wanaona kama alinyang'anywa. Mimi naona alijua mkono wake uko wapi. Mume wangu pia anadhani duka ni lake, lakini muulize nepi namba nne zimebaki ngapi.

MwalimuMstaafu_Mumias

Binti yangu, nimependa hapo kwa wadudu.

Ila mimi naenda kwenye soko la hisa, kwa sababu humo nina kovu. Mei 2021 kampuni yake iliuza hisa kwa umma, Nasdaq, dola 16 kwa hisa. Siku hiyohiyo ikafunga kwenye 23. Alba anapigwa picha, shangwe. Zilikusanywa kama dola milioni 413. Sasa swali la mtihani: pesa hizo ziliingia kwenye kampuni?

Kijana_wa_Oginga

Si ndiyo maana ya kuuza hisa, Mwalimu?

MwalimuMstaafu_Mumias

Umeanguka. Karibu robo tu ndiyo ilikuwa hisa mpya za kampuni. Nyingine zote ziliuzwa na wenye hisa wa zamani, wawekezaji waliokuwa wameweka mtaji mapema na sasa wanatoka na faida yao. Si kosa kisheria, yote yameandikwa kwenye waraka. Lakini mnunuzi wa mwisho, yule anayenunua kwa 23 kwa sababu amemwona Jessica kwenye televisheni, anamsaidia mtu kutoka mlangoni.

Kufikia 2022 hisa ilikuwa imeanguka hadi karibu dola 3.

Mnakumbuka 2008 hapa kwetu? Hisa za Safaricom, shilingi 5, bilioni 10 za kuuzwa. Foleni benki zote, Mumias mpaka Bungoma. Nami nilikuwepo na fomu yangu, na mkopo wa sako juu yake. Waombaji walikuwa wengi mno, kila mtu akapewa kidogo kuliko alichoomba. Zilipanda Juni, kisha zikashuka chini ya zile tano. Nikaogopa nikauza zote. Kampuni haikunikosea kitu. Aliyenikosea ni mimi mwenyewe. Aliyevumilia leo anacheka. Mke wangu bado huita ile pikipiki ya jirani "ile yetu".

Kwa hivyo Jessica Alba simlaumu kwa bei ya hisa. Kampuni yenyewe mwaka 2020 iliuza bidhaa za dola milioni 300 na bado ikapata hasara ya kama milioni 14. Nepi ni kitu kizito, kikubwa, faida yake nyembamba. Kuisafirisha mpaka mlangoni kwa mtu kunakula ile faida. Wewe Mama Pampasi unajua zaidi yangu.

MamaPampasi_Kondele

Mwalimu, heshima zako. Umegusa donda. Pakiti ya nepi ni upepo. Nikitoka nayo sokoni Kibuye kwa boda inajaa pikipiki yote, naonekana nimebeba mali, kumbe faida yake haifiki ya kilo mbili za sukari. Ndiyo maana hata wao, kuanzia 2014, waliingia kwenye maduka makubwa ya Target badala ya kutegemea mlangoni peke yake. Mama aje mwenyewe, abebe mwenyewe. Sawa na dirisha langu.

Namalizia maisha yake hapo alipofika. Januari 2023 kampuni ikapata mkurugenzi mkuu mpya, Carla Vernón, mwanamke. Aprili 2024 Alba akaacha cheo chake cha ubunifu baada ya miaka kumi na miwili, ikatangazwa atabaki kwenye bodi. Amerudi kwenye filamu, safari hii akiwa mtayarishaji pia. Na ile sheria ya kemikali ya 1976? Ilirekebishwa Juni 2016. Si yeye peke yake aliyeisukuma, walikuwa wengi na walianza kabla yake, lakini alikuwa kwenye ile foleni ya wabunge akiwa na mimba ya pili.

Kuna mtu ameniuliza inboksi kwa nini namsifu wakati watoto walibabuka na jua. Simsifu. Nimekaa naye usiku mbili kama mtu anavyokaa na jirani wa kazi moja. Kinachonishika ni ile mara ya pili alivyorudi kwa Brian Lee na karatasi chache. Mara ya kwanza alibeba hofu yake yote, pumu yote, hospitali zote. Mara ya pili akaacha hayo nyumbani akabeba nepi. Mimi nimeomba mkopo wa kikundi mara tatu na kila mara nimeanza kwa kueleza shida zangu. Mweka hazina wetu huwa ananitazama kwa huruma, halafu anampa mwenye mradi wa kuku.

Section58_Nakuru

Nimeisoma ile karatasi. Muda wa kutumia picha: miezi mitatu. Walionyesha mwaka mzima. Mwalimu, nakuja inboksi.

MwalimuMstaafu_Mumias

Njoo. Usiitoe Biblia bado, piga picha kwanza, pande zote mbili.

Kijana_wa_Oginga

Mama Pampasi nimekubali kidogo. Kidogo tu. Lakini Fundi, wewe mwenyewe lebo yako inasemaje? Niliona dumu lako kwenye saluni fulani Kakamega nikienda kwa shangazi. Limeandikwa HAINA KEMIKALI, herufi za kijani, na kajani pembeni.

FundiSabuni_Kakamega

Wee kijana.

MamaPampasi_Kondele

Fundi! Na angaroli? Na asidi ya salfoniki?

FundiSabuni_Kakamega

Ni yule wa saiba, anayenichapishia stika, aliyenishauri. Nilimwambia aandike "sabuni ya maji, lita tano", akasema haitauza, kila mtu siku hizi anaandika haina kemikali. Maji yenyewe ni kemikali, najua, msinipigie kelele.

MwalimuMstaafu_Mumias

Fundi, nembo ya ubora ya KEBS, shirika la viwango, unayo?

FundiSabuni_Kakamega

Nimeanza kuitafuta, Mwalimu. Fomu nimechukua. Wanataka orodha ya kila kilichomo, kwa asilimia.

MamaPampasi_Kondele

Na utaandika haina kemikali kwenye hiyo fomu?

FundiSabuni_Kakamega

Hapana, Mama. Nilichapisha stika mia mbili, nimebakisha kama mia moja na arobaini. Nyuma ni nyeupe. Nitaandikia bei.